Doa jeusi nyuma ya jicho: jinsi ya kulichunguza kabla hujatamka neno kansa

Mgonjwa kaja kupima miwani ya kusomea, umemwekea matone ya kupanua mboni, unaangalia nyuma ya jicho ukitegemea kuona yale yale ya kila siku, halafu pembeni kule unakutana na doa jeusi. Moyo unaruka. Hapo ndo wengi tunakosea, na tunakosea kwa njia mbili: kuna anayesema aah hiyo alama tu, anafunga faili, na kuna anayemwambia mgonjwa pale pale kwamba hii ni kansa na jicho litolewe. Nimeshaona yote mawili na yote yanaumiza, ndo maana nimekaa kuandika hii, hasa kwa wenzangu mlioko peke yenu kituoni na vifaa vichache, na pia kwa mgonjwa aliyeambiwa ana doa ndani ya jicho na hajui hata aulize nini.

Naanza na kitu kimoja ambacho ningependa ukishike kuliko vyote: rangi inadanganya. Melanoma, ile kansa yenyewe tunayoiogopa, inaweza kuwa kahawia, kijivu, nyeusi, na nyingine haina rangi kabisa, iko njano njano au nyeupe chafu. Alafu vile vitu vyeusi tii kama makaa, vinavyokushtua zaidi ukiviona, mara nyingi ndo havina neno. Kwa hiyo ukiona doa usijiulize ni jeusi kiasi gani, jiulize lina unene gani, lina maji au halina, lina vumbi la rangi ya chungwa juu yake au halina, na mwaka jana lilikuwaje.

Tuelewane kwanza tunazungumzia sehemu gani. Chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kuna tabaka la mishipa ya damu linaitwa koroidi, lina chembe za rangi kama ngozi ilivyo nazo. Chembe hizo zikijikusanya mahali pamoja bila fujo unapata nevasi, yaani ni kama zile alama nyeusi za kwenye ngozi ila hii iko ndani. Zikigeuka zikaanza kukua ovyo ndo inakuwa melanoma. Kazi yote iko hapo katikati, maana nevasi kubwa na melanoma ndogo zinafanana mno, hata bingwa aliyekaa nazo miaka 30 kuna siku anaangalia na kusema sijui, rudi baada ya miezi mitatu.

Kwa watu weusi melanoma ya ndani ya jicho ni adimu sana na lazima niseme wazi. Ni ugonjwa wa watu weupe zaidi, wenye macho ya bluu au kijani. Ulaya ya kaskazini wanaipata hadi watu 8 hivi kwa kila milioni kwa mwaka, ukishuka Hispania na Italia inafika kama 2. Nevasi yenyewe ukipima watu wazima Marekani unaikuta kwa asilimia 5.6 ya weupe na asilimia 0.6 tu ya weusi. Huku kwetu kansa za macho tunazopambana nazo ni retinoblastoma ya watoto, ile ya mboni kung'aa nyeupe, na ile ya juu ya jicho kwenye ngozi ya weupe wa jicho inayoendana na jua kali na VVU. Sasa uadimu huo ndo mtego wenyewe, kwa sababu mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi hajaona melanoma hata moja, ikija hajui kuitambua, na isipokuja anaiona kila mahali.

Na usifikiri ni sisi tu tulioshindwa. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Marekani, Ferry, alipitia macho 529 yaliyong'olewa kwa sababu ilisemekana yana melanoma, akakuta 100 hayana. Mia moja! Yaani karibu jicho moja kati ya matano lilitolewa bure. Baadaye ukaja utafiti mkubwa huko huko Marekani unaitwa COMS, ulianza miaka ya 80, na kati ya macho 1,532 yaliyong'olewa 1,527 yalithibitika kweli yana melanoma. Kilichobadilika katikati sio macho ya madaktari, ni altrasaundi, picha, na kujifunza ni vitu gani vinajifanya melanoma. Lakini angalia vizuri, COMS walihesabu uvimbe wa kati na mkubwa, na waliokuwa wanaamua ni watu wa kazi hiyo tu. Vidoa vidogo havimo humo. Hivyo vidogo ndo bado vinatusumbua wote mpaka leo.

Haya twende kwenye kazi yenyewe.

Anza na mdomo kabla ya taa. Muulize anaona vipi, kuna mwanga unamulika kama radi pembeni, kuna kivuli kinashuka kama pazia, mistari iliyonyooka anaiona imepinda? Wengi hawana dalili yoyote, ndo maana doa linakutwa kwa bahati tu. Muulize kama amewahi kuugua kansa popote, na usiulize kwa haraka haraka, maana mama aliyetolewa ziwa miaka sita iliyopita anaweza asikwambie, kwake yeye ile ilishapona na haihusiani na jicho. Kansa ya ziwa kwa wanawake na ya mapafu kwa wanaume ndo zinazopenda kutuma mbegu kwenye koroidi. Uliza presha, uliza kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Uliza kama kuna mtu amewahi kumpiga picha ya ndani ya jicho, popote, hata zamani. Picha moja ya miaka mitano nyuma inaweza kumaliza kesi yote.

Kupanua mboni, tafadhali, panua vizuri. Macho yetu meusi hayafunguki upesi kama ya wazungu, rangi ile ya kwenye iris, ile duara ya rangi inayozunguka mboni, inashikilia dawa, kwa hiyo tone moja la tropikamaidi na kusubiri dakika kumi haitoshi. Weka, rudia baada ya dakika kama kumi, ongeza fenilefrini kama ipo na presha ya mgonjwa inaruhusu, mwache akae nusu saa na zaidi. Pembe ya jicho, ile ya ndani kati ya iris na kioo cha mbele ambako maji ya jicho yanatokea, iangalie kwanza usije ukamletea presha ya jicho ya ghafla. Kisha angalia macho YOTE mawili hadi pembeni kabisa, mwambie aangalie juu, chini, kulia, kushoto. Doa kwenye macho yote mawili, au madoa mengi, tayari linakupa habari tofauti na doa moja upande mmoja.

Sasa kuna hii mbinu ya bure, wengi wanaifahamu ila hawaitumii: taa ya kijani. Sliti lampu yako, ile darubini ya kuangalia macho, ina kichujio cha kijani, na ofthalmoskopu za mkononi, zile tochi za kuangalia ndani ya jicho, nyingi zinacho pia. Liangalie doa kwa mwanga wa kawaida, halafu badili kijani. Mwanga wa kijani unazuiliwa na lile tabaka la rangi lililo chini kabisa ya retina, haufiki kwenye koroidi vizuri. Kwa hiyo doa likififia au kupotea, liko ndani kwenye koroidi, fikiria nevasi au melanoma. Doa likibaki pale pale jeusi limekaza, liko juu kwenye tabaka la rangi, na hapo mara nyingi ni kile kitu kinaitwa CHRPE, alama ya kuzaliwa nayo, bapa kabisa, nyeusi, kingo zake zimekatwa kama kwa mkasi na saa nyingine ina vidirisha vyeupe ndani. Hiyo ikiwa moja mpige picha mwache aende zake. Ila zikiwa nyingi, macho yote mawili, zenye umbo kama samaki mwenye mkia, muulize habari za kansa ya utumbo mpana kwenye ukoo wao, kuna ugonjwa wa kurithi wa vinyama vya utumbo unaokuja na madoa ya hivyo, na hapo jicho linaweza likaokoa utumbo.

Pima. Huna kipimo? Tumia kile kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho, ile duara ya njano unayoiona, tunaiita diski, upana wake ni kama milimita 1.5. Andika doa ni diski ngapi kwa ngapi, na liko umbali wa diski ngapi kutoka kwenye diski na kutoka makula, ile sehemu ya katikati ya retina ya kuonea vizuri. Usiandike "doa dogo". Dogo lako na dogo la mwenzako atakayemwona mwakani ni vitu viwili. Chora kwenye kadi, hata kama huwezi kuchora, mishipa ya damu inayopita juu yake ichore, maana hiyo ndo alama ya mpaka: mwakani ukikuta doa limevuka mshipa ambao mwaka huu halijaufikia, huhitaji mashine kukwambia limekua.

Picha ni lazima. Kama hamna kamera ya retina tumia simu, lenzi ya 20D mkono mmoja, simu mkono mwingine, washa tochi ya simu, rekodi video, halafu chagua fremu iliyo wazi. Mara ya kwanza utapata giza na mng'ao tu, usikate tamaa, jaribu kwa wagonjwa wako wa kawaida kila siku wiki mbili mkono utazoea. Hifadhi na tarehe na jicho lipi. Ukimpa mgonjwa nakala kwenye simu yake mwenyewe ni bora zaidi, mafaili yetu yanapotea, simu ya mgonjwa au ya mwanae inakuwa salama kuliko kabati.

Baada ya hapo tafuta yale mambo yanayotofautisha. Unene: nevasi iko bapa au imeinuka kidogo sana, ukitumia lenzi ya 90D na macho yako mawili kwenye sliti lampu unaona kama mstari wa mwanga umepanda mlima au umepita tambarare. Zaidi ya milimita 2 ni dalili mbaya. Maji chini ya retina: retina imenyanyuka juu ya doa au pembeni yake, OCT, ile mashine inayopiga picha za tabaka za retina kwa mwanga, inayaona hata yakiwa kidogo. Vumbi la chungwa: ni mabaki ya seli yanaitwa lipofusini, yanakaa juu ya doa kama pilipili ya kusaga imenyunyizwa juu ya ugali wa mtama, rangi ya kutu kutu hivi, na ukiwa na kamera ya otofloresensi yanawaka. Hilo vumbi usilichanganye na drusen, vile vidoti vya njano vilivyokaa shwari, drusen zinasema doa hili ni la zamani, limekaa hapa miaka, na hiyo ni habari njema kidogo.

Na umbo la uyoga. Melanoma ikikua inafika mahali inatoboa kile kitambaa chembamba kinachoitenganisha na retina, ikishapata tundu inafura upande wa pili, inakuwa na shingo na kichwa. Ukiliona hilo huna haja ya kubishana, ni vitu vichache mno vingine vinafanya hivyo. Ila usisubiri uyoga ndo ushtuke, melanoma nyingi hazifiki kuwa uyoga, zina umbo la bakuli lililofunikwa.

Ili usibaki na hisia tu, kuna njia mbili za kuhesabu. Uingereza Bertil Damato na wenzake wametoa alama za MOLES, vitu vitano: umbo la uyoga, vumbi la chungwa, ukubwa, kukua, na maji. Kila kimoja unakipa 0 kama hakipo, 1 kama huna uhakika au ni kidogo, 2 kama kipo wazi. Jumla 0 ni nevasi ya kawaida, 1 ni ya hatari ndogo, 2 ni ya hatari kubwa, 3 na kuendelea ihesabu kuwa huenda ni melanoma na rufaa iende haraka. Naipenda hii kwa sababu unaweza kuifanya bila mashine nyingi na inakuruhusu kusema sina uhakika, unapata 1 na maisha yanaendelea.

Ya pili ni ya Carol Shields na wenzake wa Wills Eye Hospital, Philadelphia, waliyoitoa upya mwaka 2019 baada ya kufuatilia nevasi 2,355. Wao wanaangalia unene zaidi ya milimita 2 kwa altrasaundi, maji kwa OCT, kuona kumeshuka, vumbi la chungwa, uvimbe kuonekana mtupu ndani kwenye altrasaundi, na upana zaidi ya milimita 5. Bila hata kimoja uwezekano wa kugeuka melanoma ndani ya miaka mitano ni asilimia 1, ukiwa na kimoja 11, viwili 22, vitatu 34, vinne 51. Angalia ule mruko wa kutoka 1 hadi 11. Ndo maana kosa la kusema "kuna maji kidogo tu" ni kosa kubwa, hayo maji kidogo yamemtoa mgonjwa wako kwenye kundi moja yamempeleka lingine. Kwa wenye nevasi kwa ujumla lakini hatari ni ndogo mno, inakadiriwa 1 kati ya 8,000 na ushee kwa mwaka, kwa hiyo usimtishe mtu mwenye doa bapa.

Altrasaundi ya jicho, ile bi-skani, ndo rafiki wa kweli, na hospitali nyingi za mkoa sasa zinayo ila imekaa kwenye boksi. Funga kope, weka jeli, probu ya 10 MHz, anza na geini, yaani nguvu ya mwangwi, ikiwa juu uone kila kitu kisha ishushe taratibu. Utaona ule upinde mweupe wa ukuta wa jicho, na juu yake kilima. Melanoma ndani yake inaonekana kama giza, mawimbi yanaingia yanapotea, ndo maana wanaiita tupu, na chini yake ule upinde unaonekana kama umechimbwa kidogo. Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu wenye rangi ya machungwa, ndani yake inang'aa. Kansa iliyotoka ziwa au mapafu inakuwa katikati ya hizo, juu yake ina mabonde mabonde, na ina maji mengi kuliko ukubwa wake unavyostahili. Ukiwa na dopla angalia kama damu inatembea ndani, damu iliyovilia haina mzunguko.

Damu iliyovilia nisiipite juu juu. Alikuja mzee mmoja, miaka sabini na kitu, ana presha na anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi baada ya ugonjwa wa moyo. Jicho la kulia, upande wa sikio, pembeni kabisa, kuna mlima mweusi mkubwa, mimi mwenyewe nilipouona mikono ilipoa. Mwanae alikuwa amesimama mlangoni akauliza, "Daktari, mzee ana nini?" Nikataka kusema. Nikajizuia, nikaangalia jicho la kushoto, na pale pale upande wa sikio pembeni nikakuta kidogo cha aina ile ile, na karibu yake wekundu wa damu mbichi na ute wa njano. Nikawaambia, "Mzee wangu, inaonekana ni damu imevuja, nataka nikuone tena baada ya wiki sita, na kabla ya hapo ukiona kunazidi njoo siku hiyo hiyo." Alivyorudi mlima umesinyaa nusu, rangi imeanza kuwa njano kama jeraha la zamani kwenye ngozi. Kuna ugonjwa wa wazee wa kuvuja damu pembeni ya retina, unapenda upande wa sikio, wakati mwingine macho yote mawili, na ni mmoja wa waongo wakubwa kwenye orodha ya vitu vinavyojifanya melanoma. Melanoma haisinyai yenyewe kwa wiki sita.

Mwongo mwingine anatuhusu sana sisi watu weusi: melanositoma. Hii inakaa juu ya kichwa cha mshipa wa fahamu wenyewe, nyeusi tii, kingo zake zimechanika chanika kama wino uliodondokea kitambaa ukaanza kutambaa kwenye nyuzi. Tofauti na melanoma, hii haichagui weupe, watu weusi wanaipata vizuri tu. Bibi mmoja alinijia na karatasi kutoka sehemu nyingine imeandikwa jicho la kushoto litolewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa jicho linatoka, lakini mbona naona nalo? Sindano naitunga nalo."

Nilimpanua, nikaangalia muda mrefu, doa lilikuwa chini ya diski, jeusi kama sufuria ya kuni, halijafika hata nusu ya diski. Hamna maji, hamna chungwa, anaona 6/9, yaani karibu kawaida. Nikapiga picha, nikampigia bingwa niliyesoma kwake akaiona akasema usiguse, fuatilia. Ni mwaka wa nne sasa, picha nne zimewekwa pamoja, halijasogea. Nyingine zinakua kidogo bila ubaya, na chache sana, kama asilimia 1 hadi 2, zinageuka melanoma kweli, kwa hiyo huyu bibi hajaachiwa, kila mwaka anakuja. Lakini anatunga sindano.

Kuna sehemu mbili ambazo ni hatari zaidi na hakuna anayezitegemea. Ya kwanza ni mtoto wa jicho. Mgonjwa ana mtoto wa jicho mzito upande mmoja, huoni nyuma, umri wake haujafika wa kupata mtoto wa jicho, na unampangia opresheni moja kwa moja. Niliwahi kuwa sehemu ambayo baba mmoja alifanyiwa hivyo, hakuna aliyemfanyia bi-skani na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwona kabla, na bandeji ilipotoka nyuma kulikuwa na uvimbe umejaa theluthi ya jicho. Hilo bado linanikaa. Huoni nyuma, piga altrasaundi kwanza, kila mara, hata foleni ikiwa imefika getini.

Ya pili ni jicho lililopofuka linalouma. Watu wanakimbilia kulikwangua, yaani kutoa vilivyomo ndani na kuacha ganda, kwa sababu jicho la bandia linakaa vizuri. Kama ndani kuna uvimbe ambao hukujua, umeupasua na kuumwaga. Bi-skani kwanza, na kama huna uhakika toa jicho zima, usikwangue, na chochote ulichotoa kiende patholojia ndani ya fomalini, kisitupwe. Na retina iliyoachia bila kuona tundu popote, kabla hujamwita mtu wa retina jiulize kuna nini chini yake kinatoa hayo maji.

Mbele ya jicho nipite haraka. Vidoti vya kahawia kwenye iris vingi ni madoadoa tu. Shtuka ukiona doa la iris linakua, liko upande wa chini, limetawanyika, linavuta mboni ikawa haiko duara, limevuja damu, au mwenye nalo ni kijana. Mishipa minene myekundu kwenye weupe wa jicho sehemu moja tu, imejikunja na haiishi na matone ya wekundu, inaweza kuwa inalisha uvimbe uliojificha nyuma ya iris, sehemu ambayo hata ukipanua mboni unaweza usiione. Kwa huko inatakiwa altrasaundi ya mawimbi ya juu, na ndo hiyo hiyo itakayokwambia kama kilichosukuma iris ni uvimbe au ni kifuko cha maji tu. Yale mabaka ya kahawia kwenye weupe wa macho yote mawili ambayo watu wengi weusi tunayo ni ya kawaida, watu wanakuja nayo wamejaa hofu, watulize.

Kuhusu kuchukua kinyama. Wagonjwa wanauliza, mbona msichukue kipande mkapime kama kansa nyingine? Kwa melanoma ya jicho mara nyingi utambuzi unafanyika bila kinyama, kwa picha na altrasaundi. Sindano nyembamba inaingizwa pale ambapo kweli haijulikani, au kutaka kujua tabia ya uvimbe, mfano kama kromosomu ya 3 moja imepotea, maana hizo ndo zinazopenda kwenda kwenye ini. Uvimbe mwembamba sana sindano haipati cha kutosha. Hii ni kazi ya kituo chenye wataalamu hao, sio ya kujaribu kliniki, na kwa mtoto mwenye mboni nyeupe usithubutu kabisa kuchoma sindano kwenye jicho, retinoblastoma ikipata tundu inatoka nje.

Ratiba ya kumfuatilia: doa bapa lisilo na dalili mbaya yoyote, mwone tena baada ya miezi michache ili upate picha mbili za kulinganisha, halafu mwaka mmoja mmoja. Likiwa na dalili moja ya wasiwasi usikae nalo peke yako, mtu wa retina alione, na mwone kila miezi mitatu hadi sita wakati mnaamua. Kukua kwenyewe kusome kwa busara: nevasi inaweza kuongezeka kidogo kidogo kwa miaka mingi hasa kwa vijana, melanoma inaongezeka ndani ya miezi. Na aliyethibitika na kutibiwa anafuatiliwa ini kwa miaka, sio mwaka mmoja. Oliver Sacks, yule daktari wa mishipa ya fahamu na mwandishi, alikutwa na melanoma ya jicho mwaka 2005, akatibiwa kwa mionzi, na ni mwaka 2015 ndo ilionekana imefika kwenye ini, akafariki mwaka huo huo. Karibu nusu ya wagonjwa inawafikia hivyo, na ini ndo mara nyingi ya kwanza.

Ukiandika rufaa usiandike "uvimbe jichoni, naomba msaada". Andika jicho lipi, anaona ngapi kila jicho, doa liko saa ngapi kama kwenye uso wa saa na diski ngapi kutoka kwenye diski, ukubwa kwa diski, unene kwa milimita kama umepima, maji yapo au hayapo, chungwa ipo au haipo, alama za MOLES ngapi, limeonekana lini mara ya kwanza, kansa nyingine alizowahi kuugua, dawa anazotumia. Ambatanisha picha, tuma na ile ya simu kwa daktari atakayempokea siku hiyo hiyo. Mgonjwa mwenyewe mwambie umeona nini na hujajua nini, kwa maneno yake, mwambie anakwenda kupimwa na sio kung'olewa jicho, wengi hawafiki kwenye rufaa kwa sababu ya neno hilo moja walilosikia kwako. Na chukua namba ya simu ya mwanae au jirani, sio yake tu, umpigie baada ya wiki mbili uulize kama amefika.